Ngoma Zilizojua Jina la Feza

Ninyi mnaopiga batri siku hizi katika makanisa na nganda, yaani mabaa, ya Kasongo mmeniuliza mara nyingi kazi yetu ilikuwaje zamani, na mimi nimekuwa nikiwajibu kwa kukohoa. Sasa nimestaafu kweli. Mgongo umekataa, mguu wa pedali umekataa zaidi, na muda ninao. Habari za malipo nitaziruka, maana hazina urefu. Habari za nani alikuwa mkubwa katika orkestra nitaziruka pia, kwa sababu wengine wako hai na macho yao bado yanasoma. Nitaandika juu ya vyombo, juu ya mzee aliyenifundisha, na juu ya jambo ambalo mmelizungumza sana huko sokoni, kwamba Papa Kitenge, yaani mimi, amekubali kuuza batri yake nyekundu.

Kwa wasiojua kazi yetu, batri ninayosema si ile ya motokari. Ni zile ngoma za orkestra anazozipiga mtu mmoja akiwa amekaa. Kuna gros kesi, ngoma kubwa inayolala chini na kupigwa kwa mguu. Kuna kesi kler, ile fupi yenye nyuzi za chuma tumboni, yenye sauti ya mchanga. Kuna tomu mbili, ya juu na ya chini, na kuna masahani ya shaba. Yetu ilikuwa nyekundu yenye kumetameta, ukiiangalia kwa pembeni unaona kama maziwa yanazunguka ndani ya rangi. Ilitoka katika jumba la starehe la kambi moja ya madini, kambi ilipofungwa na wenyewe wakaenda zao. Ilifika Kasongo juu ya lori la pamba, na pamba ilikuwa imejaa hata ndani ya skrubu.

Siku yangu ya kwanza sikuchaguliwa kwa ufundi. Mpigaji aliyekuwepo alikuwa amemfuata mwanamke hadi mji wa Kindu, na mimi nilijulikana mtaani kwa sababu nilikuwa nikipiga meza darasani mpaka mwalimu akaniomba niende nikapigie mbali. Wakanikalisha kwenye kiti. Sikujua kwamba batri haitaki nguvu. Kabla ya jua kuzama nilikuwa nimepasua ngozi ya tomu ya chini, ngozi ya nailoni, nyeupe, ambayo Kasongo nzima haikuwa na mwenzake, na Kindu vilevile. Kiongozi wetu hakunigombeza. Alinifungia zile tomu mbili juu ya baiskeli akaniambia niende Kabambare kwa Mzee Masudi, na nisirudi mpaka zitakapokuwa zimepona.

Mzee Masudi alikuwa Mubangubangu kwa kabila, mtengenezaji wa ngoma za kwao, mtu wa maneno machache na pua ndefu. Alizigeuza tomu zangu, akazinusa, akaingiza kichwa ndani ya moja na kuimba humo polepole kwa muda mrefu. Mimi nilikaa pale chini nikifikiri nimetumwa kwa mwenda wazimu. Kisha akatoa kichwa akasema vyombo vilikuwa vizuri sana, ila vimekosa midomo.

Midomo aliyovipa ilikuwa ya mboloko, yule swala mdogo wa porini. Alinifundisha kuiloweka ngozi, kuikwangua manyoya kwa kipande cha chupa, kuikausha kivulini na si juani kamwe, na kuikaza kidogokidogo kwa kuzunguka, upande huu na upande wa pili, kama mtu anayefunga mdomo wa gunia asilotaka lipasuke. Skrubu zilizopotea tulizifanyia vyuma vya baiskeli. Fimbo tulichonga kwa mti wa mpera. Ile sahani kubwa ya shaba ilipopasuka miaka ya baadaye, tulitoboa tundu dogo pale mwisho wa ufa, na ufa ukasimama hapohapo mpaka leo. Hilo ninyi vijana lishikeni, hata kama mengine yangu mtayasahau.

Lakini kazi ya Mzee Masudi iliyonibadilisha si ngozi. Alizikaza zile tomu hadi moja ikasema juu na nyingine chini, kwa umbali uleule ambao mdomo wa mtu hupanda na kushuka anaposema kwa lugha ya kwao. Maana watu wa zamani kwetu walikuwa na jina la ngoma, maneno marefu ya kumsifu mtu au kumtania, na ngoma iliyafuata kupanda na kushuka kwake mpaka kila aliye shambani akajua nani anaitwa. Batri ya wazungu, mambo yake ya chachacha na rumba, ikatoka Kabambare inajua kuita watu. Nilirudi nayo Kasongo polepole. Njia nzima upepo ulikuwa ukipita juu ya zile ngozi na zenyewe zikinong'ona mgongoni kwangu.

Basi tukawa orkestra inayotafutwa kwa kutoa matanga. Mnajua desturi: familia imekwisha kulia muda wake, sasa inapika, inavaa vitambaa vya aina moja, inacheza, ili maisha yaendelee. Sisi tulipiga tangu asubuhi, na mchana jua likiwa juu gitaa zote zilinyamaza. Mimi peke yangu nilipiga jina la ngoma la marehemu kwenye tomu mbili, kisha nikaikanyaga gros kesi mara tatu. Tuliita kumpa mguu. Ilikuwa ni kumwambia aende sasa, njia ni nyeupe. Baada ya hapo jina lake halikupigwa tena. Watu walilia kilio cha mwisho, wakafuta uso, tukaanza rumba. Desturi hiyo haikutoka kwa mababu, msiniletee wasomi kuniuliza. Ilitoka kwetu sisi na Mzee Masudi, kwa kufanya tu.

Kazi ngumu kuliko zote ilitupata hukohuko Kabambare. Wenye matanga walinipa jina la marehemu nusu, maana waliona kila mtu anamjua. Mwenye Kucheka Peke Yake, ndivyo walivyoniambia, basi. Hawakusema mwana wa nani. Nikalipiga vizuri, kwa huzuni yote niliyokuwa nayo, na nikampa mguu mara tatu. Kumbe baba mdogo wa marehemu, aliyekaa kiti cha mbele na glasi mkononi, naye alikuwa anaitwa Mwenye Kucheka Peke Yake. Mzee akasimama. Akasema amefukuzwa duniani mchana kweupe mbele ya wakwe zake. Akaiweka pombe chini, na hapo ndipo kila mtu alipojua kwamba mambo ni mazito. Wengine walianza kumtazama kwa namna ya kumwogopa, na mkewe alisogeza kiti chake kidogo pembeni.

Waliniletea Mzee Masudi mbiombio. Hakucheka, ingawa niliona mdomo wake unavyohangaika. Akaniamuru nipige jina lile upya, polepole, na akamwambia yule mzee aitike kwa kinywa chake mwenyewe. Nikapiga. Mzee akaitika kwa sauti iliyofukuza kuku: "Niko!"

Mzee Masudi akawageukia watu wote. "Mumesikia. Jina likiitikiwa, mguu hauna ruhusa. Mutu akijibu, iko."

Ndipo nikapiga jina la marehemu kwa urefu wake wote, pamoja na baba yake, na nikangoja. Watu wote walingoja nami, wakitega masikio kama kuna mwingine wa kuitika. Hakuna aliyeitika. Nikampa mguu. Tangu siku hiyo orkestra yetu iliacha nafasi baada ya jina, nafasi ya kuvuta pumzi na kuitoa, kabla ya kuigusa gros kesi. Ilianza kwa woga wa kuua watu wazima wenye pombe mkononi, lakini ikawa ndiyo moyo wa kazi. Nimekaa ndani ya kimya hicho katika vijiji vingi. Nimesikia ndani yake mito, mbuzi, upepo katika mihogo, wajane wakivuta pumzi. Sijamsikia mtu akiitika.

Feza nilimpata Nyangwe, kwenye harusi. Watu wao ni wavuvi, na yeye alikuwa anawasha moto wa kupikia samaki wakati wenziwe bado wanatafuta kuni. Nilirudi kwa Mzee Masudi nikamwomba aniundie jina la ngoma la msichana huyo. Akacheka sana, akaniundia: Binti wa Watu wa Mto, Asiyechelewa Kuwasha Moto. Safari ya pili Nyangwe nililipiga katikati ya wimbo, mbele ya watu wote. Feza akaja mpaka karibu na jukwaa akaniuliza kama nimempoteza mbuzi, mbona namwita mwanamke wa watu kwa kelele namna ile. Nikajua amenikubali, maana alikuwa ametembea kuja kuniuliza.

Nyumba yetu hapa Kasongo iko juu ya kijito. Barabara ya Kabambare inapita ng'ambo, na pale kwenye kona ndipo lori letu liliposimama likitoka safari. Nilikuwa nafungua tomu mbili tu, nazishikilia kwa magoti juu ya magunia, napiga jina la Feza. Na ng'ambo, uani kwetu, Feza alichukua mchi akapiga kinu kitupu mara mbili. Maana yake: nimesikia, njoo, maji yako motoni. Kinu kitupu kina sauti ya peke yake, ya kina, inayopita juu ya maji bila kulowa. Wenzangu walinicheka. Lakini hakuna aliyethubutu kumwambia dereva aondoke kabla kinu hakijajibu. Miaka mingi nimerudi nyumbani kwa namna hiyo, na nasema wazi kwamba sijui furaha nyingine iliyozidi ile. Hata rumba haikuizidi.

Wakati wa vita Feza ndiye aliyeziokoa ngoma. Alizipeleka kwa ndugu zake Nyangwe, gros kesi ikiwa imejaa karanga, akimwambia kila aliyemsimamisha kwamba ni ghala. Haikuwa uongo, ila karanga zilitusumbua ndani ya pedali muda mrefu.

Kisha barabara ikafa, malori yakaacha, wenzangu wakazeeka au wakaondoka, na harusi zikaanza kutaka sono, yale maboksi makubwa ya muziki. Mzee Masudi alikwisha kufariki, na mimi ndiye niliyempa mguu. Batri ikaingia katika chumba cha nyuma. Na baadaye Feza akaumwa, akatutoka.

Watoto walipotaka kutoa matanga yake, waliniambia nipige. Nilikataa. Nilisema mgongo. Wakakodi sono, watu wakacheza, kila kitu kikaenda sawa. Jina lake halikuitwa. Si kwamba nisingeweza kulipiga. Mikono yangu inalijua kuliko inavyojua kufunga vifungo. Niliogopa ile nafasi. Niliogopa kuita Binti wa Watu wa Mto na kukaa pale nikitega sikio, na kinu kinyamaze. Wapo waliodhani ni kiburi cha mpigaji asiyependa sono. Niliwaacha wadhani.

Hivyo batri ikabaki chumbani na jina ndani yake. Nilikuwa naingia mchana watu wakiwa shambani, nakaa juu ya kile kiti bila kugusa kitu. Kesi kler ina nyuzi, mnajua, ukikohoa tu inaitika kwa chini. Mvua ikipiga bati, ngoma zote zinaanza kuguna polepole, kila moja na sauti yake. Mara nyingine nilisinzia pale, nikaona niko juu ya lori, kona imekaribia, na ukungu umekaa juu ya kijito. Nilimzungumzia Feza habari za nyumba, na kesi kler ilitetemeka kidogo kila niliposema jina lake. Ilitetemeka pia niliposema habari za bei ya mafuta ya mawese, lakini hilo nilijifanya silisikii.

Binti yetu Riziki alirudi kuishi nami na watoto wake. Watoto walilala sebuleni juu ya mkeka, na ngoma zikalala chumbani penye dirisha. Aliliongea jambo hilo mara moja tu, bila ukali, akafunga mdomo. Kunyamaza huko amekutoa kwa mama yake, na ni kuzito kuliko kelele.

Ndipo akaja Mama Neema. Ni mwanamke wa upande wa Uvira, anafanya biashara Lusangi penye wachimbaji wa dhahabu, na anaongoza kwaya ya kanisa lao. Kwaya yenyewe ilikuwa inapigia mabidoni, yale madumu ya plastiki. Alikuwa amesikia kwamba Kasongo kuna batri ya zamani isiyopigwa. Aliitazama kwa heshima, aliona lile tundu la kwenye sahani ya shaba akaliulizia, na hilo lilinipendeza. Lakini alinieleza wazi kwamba ngozi za mboloko atazitoa. Lusangi mvua ni nyingi, ngozi zinalegea, na alikuwa ameagiza za nailoni. Nikamwambia nitafikiri. Akasema atapita tena akitoka Nyangwe.

Nilifikiri vibaya, mzunguko tu. Nikiuza, midomo ya Mzee Masudi itatupwa, na jina la Feza litakwenda nayo bila kuitwa. Nikiacha, watoto watalala chini na mimi nitaendelea kuzungumza na nyuzi za chuma. Mambo yakaamuliwa na ngozi yenyewe. Niliingia chumbani asubuhi moja nikaligusa jina kwa ncha za vidole, nusu yake ya mbele tu. Tomu ya juu ilisema vizuri. Ya chini ilisema kwa sauti nzito, ya mtu mwenye mafua. Nikaipasha moto kwenye makaa, ikaamka, kisha ikalegea tena mbele ya macho yangu. Panya walikuwa wamekula ukingo, unyevu umeingia. Masika mengine kama yale na haitaweza kutamka kitu. Kabambare hakuna tena anayekwangua mboloko kwa kazi hiyo, niliuliza. Nikaelewa kwamba nilikuwa nalitunza jina ndani ya chombo kinachokufa, na kwamba hofu yangu ndiyo itakayolinyamazisha. Nililia pale, sioni aibu kuwaambia. Riziki aliponiona nikiwa na macho mekundu, nilisema ni moshi wa makaa.

Mama Neema alirudi na pikipiki mbili. Bei nitairuka, nilikwisha kusema. Tulifunga gros kesi kwenye ya kwanza na zilizobaki kwenye ya pili, na mimi nikazipasha moto tomu kwa mara ya mwisho, kwa muda mrefu, mpaka zikawa na joto la mkate. Riziki alikuwa uani anatwanga sombe, yale majani ya mihogo, hakuinua kichwa. Nikamwambia nawasindikiza wageni mpaka ng'ambo.

Tulivuka kijito mimi nikitembea nyuma. Kwenye kona niliwaomba wasimame. Mama Neema alishuka, akawaashiria madereva wote wawili wazime pikipiki. Nilifungua tomu mbili, nikakaa juu ya jiwe, nikazishika kwa magoti. Ukungu ulikuwa bado juu ya maji. Kutoka ng'ambo nilisikia mchi wa Riziki ukipiga majani, sauti laini, yenye maji.

Nikapiga jina lote. Binti wa Watu wa Mto, Asiyechelewa Kuwasha Moto. Ya chini ilisema safi, bila mafua, kama siku ilipotoka Kabambare.

Mchi ukanyamaza.

Nikasimama, nikaenda kwenye gros kesi pale ilipofungwa, maana pedali ilikuwa ndani ya gunia na ningetumia ngumi. Nikavuta pumzi nikaitoa. Kimya. Nikaivuta nyingine, ambayo desturi haikuniruhusu. Kimya bado, maji tu. Nikasema moyoni, haya, ndiyo hivyo, mzee, mpe njia. Nikainua ngumi.

Kinu kikapiga. Mara mbili. Kinu kitupu, sauti ya kina, ikapita juu ya ukungu ikanifikia.

Riziki alikuwa amekawia kwa sababu alimwaga sombe kwanza, kinu kiwe kitupu.

Ngumi yangu ilibaki juu. Mama Neema ananitazama, madereva wananitazama. Kisha nikaishusha polepole, nikaifungua, nikaweka kiganja juu ya ile rangi nyekundu, basi. Jina lilikuwa limeitikiwa. Mguu haukuwa na ruhusa.

"Papa, imekwisha?" Mama Neema akauliza kwa sauti ya chini.

Nikamwambia mambo ya kupiga yamekwisha, ngozi atoe tu anapotaka, afunge tomu vizuri zisigongane. Wakaondoka. Niliwaangalia mpaka vumbi likakaa, na sikuona uchungu niliokuwa nimeuandalia kifua changu. Nikavuka kijito.

Nilipofika uani, sombe ilikuwa juu ya ungo, nusu imepondeka nusu bado, na Riziki alikuwa anairudisha ndani ya kinu kwa mikono miwili. Maji ya bugali yalikuwa motoni yanachemka. Watoto walikuwa wamekwisha kuburuta mkeka wao mpaka chumba cha nyuma. Riziki alikuwa na macho mekundu, na makaa hayakuwa na moshi.

"Papa, kaa," akasema. "Sombe itakawia kidogo."

Nikakaa.